Jasho Likikutana na Upepo: Jinsi Waendesha Baiskeli Walivyojifunza Kuvaa Wakati wa Baridi

Tarehe 2 Machi 1900, kijana wa Kimarekani aitwaye Max Hirschberg alipanda baiskeli mjini Dawson, kaskazini-magharibi mwa Kanada, akashika njia ya kwenda Nome, Alaska, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,600. Dhahabu ilikuwa imeonekana kwenye mchanga wa ufukwe wa Nome na watu walikuwa wameingiwa na wazimu. Asubuhi hiyo baridi ilikuwa karibu nyuzi 34 chini ya sifuri. Barabara haikuwepo. Njia yake ilikuwa mto Yukon ulioganda, na juu ya barafu hiyo alama nyembamba zilizoachwa na sleji za mbwa.

Bahati nzuri Hirschberg aliandika baadaye alivyovaa siku ile. Ndani alikuwa na shati la flaneli. Juu yake ovaroli nzito yenye bitana, kisha koti nene la sufu la aina waliyovaa wakata magogo, na juu ya yote koti jepesi lenye kofia, la kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana. Miguuni soksi za sufu jozi mbili na viatu virefu vya sufu iliyoshindiliwa. Kofia ya manyoya aliishusha mpaka masikioni, pua akaifunika kwa kipande cha manyoya, na mikononi alivaa glavu za manyoya zilizopanda juu ya vifundo. Blanketi kubwa la manyoya alilifunga kwenye usukani.

Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichoshonwa kwa ajili ya baiskeli. Ni nguo za mchimba dhahabu. Lakini upange moja juu ya nyingine uone: ndani kitu cha kupokea jasho, katikati cha kushika joto, nje cha kuzuia upepo. Muuzaji wa vifaa vya baiskeli wa leo atakupa mpangilio huo huo kwa bei ya kutisha na kukuambia ni matokeo ya utafiti wa miaka mingi. Hirschberg aliingia Nome tarehe 19 Mei. Kuelekea mwisho wa safari mnyororo ulikatika, naye akalivua lile koti la sufu, akalitanda mgongoni kwa fimbo, likawa tanga, na upepo ukamsukuma juu ya barafu. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwendesha baiskeli ana shida ambayo mtembea kwa miguu hana. Mwili unapokanyaga pedali, karibu robo tu ya nguvu inayotumika ndiyo inayosukuma baiskeli. Iliyobaki hugeuka joto. Kwa hiyo kwenye mlima unatokota hata theluji ikianguka. Ukifika kileleni mambo yanageuka ghafla: miguu inapumzika, joto linakatika, nguo zimelowa jasho, na upepo unakupiga kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa. Mwaka 1941, huko Antaktika, Wamarekani Paul Siple na Charles Passel walipima jinsi upepo unavyopora joto kwa kutazama maji yakiganda ndani ya chombo cha plastiki. Kwa vipimo vinavyotumika leo, hewa ya nyuzi sifuri ikikujia kwa kasi hiyo ya mteremko, ngozi huihisi kama nyuzi 9 chini ya sifuri. Na hapo hujahesabu jasho.

Karibu kila hatua katika historia ya nguo hizi ni jaribio la kuziba upepo bila kulifungia jasho ndani.

Jibu la kwanza lilitoka kwa mtu ambaye hata hakuwa akiwaza baiskeli. Gustav Jaeger, profesa wa elimu ya wanyama mjini Stuttgart, alihubiri kwamba binadamu avae sufu na nywele za wanyama tu, toka nguo ya ndani hadi shuka za kulalia, kwa kuwa pamba na kitani hutokana na mimea na hudhuru mwili. Mwaka 1884 mfanyabiashara Lewis Tomalin alifungua London biashara iliyobeba jina la profesa huyo. Mwandishi George Bernard Shaw, ambaye pia alikuwa mpenzi mkubwa wa baiskeli, alikuwa miongoni mwa wafuasi wake. Hoja ya Jaeger ilikuwa upuuzi mtupu, ila ushauri wake ukatokea kuwa sahihi. Sufu hunyonya unyevu mpaka kufikia karibu theluthi ya uzito wake na bado ikaacha ngozi na joto. Pamba iliyolowa hunata mwilini na kupora joto lote. Cyclists' Touring Club, chama cha Uingereza kilichoanzishwa 1878, kiliwashonea wanachama wake sare za sufu, na kwa miaka karibu mia moja hakuna mwendesha baiskeli aliyejali baridi aliyetafuta kitu kingine.

Wanawake walikuwa na vita vya ziada. Sketi ndefu ilinyonya matope na kuingia kwenye mnyororo, lakini suruali ilionekana aibu. Mwaka 1898, Lady Harberton, mtetezi wa mavazi ya busara kwa wanawake, alifika kwa baiskeli katika hoteli moja ya Ockham, kusini mwa London, akiwa na suruali pana, akakataliwa kuhudumiwa kwenye ukumbi wa kahawa. Kesi ilifikishwa mahakamani mwaka uliofuata. Hoteli ikashinda.

Mvua ilipatiwa dawa mapema, dawa yenye madhara yake. Charles Macintosh wa Glasgow aligundua mwaka 1823 namna ya kubana mpira kati ya vitambaa viwili. Maji hayakupita, jasho nalo halikupita. Waendesha baiskeli wakakwepa tatizo hilo kwa joho la mvua: kitambaa kipana kinachofunika mabega, mikono na usukani, huku chini kikiwa wazi ili hewa iingie. Mtu aliyelivaa alionekana kituko na upepo wa ubavuni ulimyumbisha, lakini alifika kazini akiwa mkavu kuliko wengi wanaovaa makoti ya kisasa. Mimi naamini joho hilo limeachwa kwa sababu ya sura yake tu.

Kisha yakaja magazeti, na hapa sisi waandishi wa habari tuna haki ya kujivuna kidogo. Tour de France ilianzishwa mwaka 1903 na gazeti la L'Auto, Giro d'Italia mwaka 1909 na La Gazzetta dello Sport. Wakimbiaji wakagundua matumizi mengine ya karatasi hizo. Kwenye vilele vya milima ya Alps na Pyrenees, watazamaji walisimama na magazeti mkononi. Mkimbiaji alidaka moja, akalisukuma chini ya fulana kifuani, akateremka. Karatasi huvunja upepo, hunyonya jasho la mlima uliopita, na bondeni unaitupa. Desturi hiyo imeishi hadi zama za nailoni.

Hata hivyo, fulana ya sufu na gazeti vina mpaka wake. Tarehe 20 Aprili 1980, mbio za Liège–Bastogne–Liège nchini Ubelgiji zilianza na theluji ikaanguka muda mfupi baadaye. Walianza wakimbiaji 174, wakamaliza 21. Mfaransa Bernard Hinault alishinda peke yake, akimwacha wa pili kwa zaidi ya dakika tisa, na ushindi huo husimuliwa kama utenzi. Bei yake husimuliwa kidogo: vidole vyake viwili viliathiriwa na baridi ile na havikurudi kuwa kama zamani.

Somo kubwa zaidi lilikuja tarehe 5 Juni 1988, nchini Italia, na inafaa tulikalie kidogo. Hatua ya siku hiyo ya Giro ilikuwa fupi, kilomita 120 tu, kutoka Chiesa in Valmalenco hadi Bormio. Katikati yake kulikuwa na mlima Gavia, wenye njia inayopanda hadi zaidi ya mita 2,600, na sehemu za njia hiyo zilikuwa bado hazijawekwa lami. Bondeni ilikuwa mvua. Juu ilikuwa theluji.

Asubuhi hiyo viongozi wa timu ya Kimarekani ya 7-Eleven walifanya jambo ambalo halikuonekana la kishujaa hata kidogo: waliingia kwenye maduka ya vifaa vya kuteleza kwenye theluji wakanunua glavu, kofia na nguo za joto. Vitu hivyo vikapakiwa kwenye magari, pamoja na chupa za chai ya moto, vikasubiri karibu na kilele. Mkimbiaji wao mkuu, Andy Hampsten, alikuwa amezoea milima ya Colorado. Alipakwa mafuta ya sufu ya kondoo miguuni, akavaa glavu za neoprini, ule mpira laini wa wapiga mbizi. Alipokaribia juu alikung'uta theluji nywelini, akavaa kofia ya sufu na koti, akateremka huku akiendelea kukanyaga pedali ili mashine isigande na damu isisimame.

Mbele yake alikuwa Mholanzi Johan van der Velde. Huyu alipanda Gavia kama simba, akafika kileleni wa kwanza, mikono wazi, bila glavu wala kofia. Kwenye mlima alikuwa sahihi kabisa. Mwenye koti angepikika. Lakini kutoka kileleni hadi Bormio kuna mteremko wa karibu kilomita 25. Hakwenda mbali. Mwili ulianza kutetemeka kiasi cha kushindwa kushika breki, akasimama, akatafuta hifadhi apate joto. Alifika Bormio zaidi ya dakika 45 baada ya mshindi. Mshindi wa hatua alikuwa Mholanzi mwingine, Erik Breukink, aliyemtangulia Hampsten kwa sekunde 7. Ila jezi ya waridi, ya anayeongoza Giro, ilimwangukia Hampsten, akaishika mpaka mwisho, akawa Mmarekani wa kwanza kushinda Giro. Wanaomsifia mapafu yake wana haki. Mimi ningewakumbuka pia waliokwenda dukani asubuhi.

Viwanda kwa wakati huo vilikuwa mbioni. Bob Gore alikuwa amegundua mwaka 1969 kitambaa chenye vitundu vidogo mno, vinavyozuia tone la maji na kuruhusu mvuke kupita. Mwaka 1976 kikaingia sokoni kwa jina la Gore-Tex. Mwaka 1979 kiwanda cha Malden Mills, Massachusetts, kikatoa kile kitambaa chepesi chenye manyoya ya poliesta ambacho kila mpita soko la Gikomba au Karume amekishika, kwa kuwa masweta yake hujaa kwenye marobota ya mitumba. Sufu ikaonekana nguo ya babu. Lakini matangazo yalizidi ukweli: anayekanyaga pedali kwa nguvu hutoa jasho haraka kuliko kitambaa chochote kinavyoweza kulipitisha.

Ndiyo maana koti lililoshinda halikudai kuwa kavu. Tarehe 17 Machi 2013, theluji ilikatiza mbio za Milan–San Remo, wakimbiaji wakapandishwa mabasi na kuteremshwa upande wa pili wa mlima Turchino kuendelea. Wengi, hata wa timu zenye mikataba na watengenezaji wengine, walikuwa wamevaa jaketi la Kiitaliano liitwalo Gabba, la mikono mifupi, linalobana mwili na kuzuia upepo, nembo wakiwa wameipaka wino mweusi ili wadhamini wasiione. Jaketi lile huruhusu ulowe kidogo mradi upepo usipite. Aliyeshinda siku hiyo, Mjerumani Gerald Ciolek, alikuwa akiendeshea timu ya Afrika Kusini, MTN-Qhubeka.

Leo sufu ya kondoo wa merino imerudi madukani kwa heshima zote, ikikaa ndani, karibu na ngozi, palepale alipoitaka Jaeger. Na mjini Oulu, kaskazini mwa Finland, watoto huenda shule kwa baiskeli juu ya theluji wakiwa na makoti yao ya kawaida, kwa sababu manispaa husafisha njia mapema na safari ni fupi.

Huku kwetu, ambako bodaboda zenyewe zilianza kama baiskeli za kuvusha abiria mpakani Busia, dereva wa alfajiri huvaa koti zito la mtumba kinyumenyume, zipu mgongoni, kifua kikiwa kimezibwa kabisa na nyuma pakipumua. Ni kanuni ileile ya gazeti la Alps, na hakufundishwa na yeyote.

Ewe ndugu uliyehamia Minneapolis, Toronto au Stockholm na unafikiria kununua baiskeli: usianze na koti. Fedha ya kwanza iende kwenye glavu, kwa sababu mkono ulioganda haushiki breki. Ya pili kwenye fulana ya sufu ya kuvaa ndani. Ya tatu kwenye kitu chepesi cha kuzuia upepo kifuani. Pamba iache nyumbani. Toka mlangoni ukihisi baridi kidogo, maana baada ya dakika kumi utapata joto. Ukitoka ukiwa umeshapata joto, utafika umelowa. Na kama njia yako ina mlima, weka kofia kavu mfukoni, uivae kabla hujaanza kuteremka.