Saa Isiyoijua Pagume

Novemba 2017, mjini Geneva, nyumba ya mnada ya Christie's iliuza saa ya mkononi ya dhahabu kwa faranga za Uswisi 2,892,500. Kwa wakati ule hizo zilikuwa karibu sawa na dola milioni 2.9. Saa yenyewe ni Patek Philippe, toleo namba 2497, ya mwaka 1954, na aliyeimiliki zamani ni Haile Selassie, mfalme wa mwisho wa Ethiopia. Hiyo haikuwa mara yake ya kwanza kufika mnadani. Ilikuwa imeletwa mbele ya wanunuzi katika mji huohuo Novemba 2015, ikaondolewa bila kuuzwa kwa sababu ya ubishi juu ya nani hasa mwenye haki nayo.

Wauzaji wa saa za zamani wana utaratibu wao. Wanataja namba ya toleo, aina ya dhahabu, hali ya uso wa saa, kama kasha limewahi kung'arishwa kupita kiasi. Kisha wanafika kwenye jambo linaloleta fedha: ilikuwa ya nani. Saa za toleo la 2497 zilitengenezwa kuanzia 1951 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na zote kwa jumla hazifiki 200, kwa hiyo hata ile iliyovaliwa na mfanyabiashara asiyejulikana ni ya kutafutwa. Lakini jina la mfalme aliyepinduliwa lina soko lake. Mei mwaka huohuo wa 2017, papo hapo Geneva, nyumba nyingine ya mnada, Phillips, iliuza Rolex ya dhahabu ya Bao Dai, mfalme wa mwisho wa Vietnam, kwa dola 5,060,427. Bao Dai aliinunua Geneva mwaka 1954, wakati mataifa makubwa yakiwa mjini humo yakijadili namna ya kuigawa nchi yake. Wafalme wawili wa mwisho, saa mbili za 1954, minada miwili ya mwaka mmoja katika mji mmoja. Mtu angeweza kudhani kwamba taji linapoanguka, thamani yake huhamia kwenye kifundo cha mkono.

Ninachotaka kukieleza zaidi, hata hivyo, kimo ndani ya mashine.

Toleo la 2497 lina kile mafundi wanachokiita kalenda ya kudumu. Juu ya uso wa saa kuna vidirisha viwili, kimoja cha siku ya wiki na kingine cha mwezi. Chini kuna duara dogo la tarehe, na ndani yake mwezi wa angani unaopevuka na kufifia. Saa ya kawaida yenye tarehe huhesabu hadi 31 kila mwezi, na mwenyewe huirekebisha kwa mkono mwezi ukiwa mfupi. Hii hairekebishwi. Ndani yake kuna gurudumu linalozunguka mara moja tu katika miaka minne, lenye pengo kwa kila mwezi mfupi. Mapengo hayo hutofautiana kina: lipo la miezi ya siku 30, lipo la Februari ya siku 28, na lipo moja la Februari ya mwaka mrefu. Mkono mdogo wa chuma hupapasa pengo hilo na kujua mwezi una siku ngapi. Hakuna umeme wala betri, ni chuma tu kinachokumbuka miezi 48 kwa mpangilio.

Ila miezi inayoikumbuka si ya Ethiopia.

Kalenda ya Ethiopia ina miezi kumi na mitatu. Kumi na miwili ya kwanza ina siku 30 kila mmoja, bila ubishi. Wa kumi na tatu, Pagume, una siku tano, na kila mwaka wa nne siku sita. Mwaka mpya huanza tarehe 1 Meskerem, ambayo huangukia 11 Septemba au 12 Septemba, na hesabu ya miaka iko nyuma ya ile ya Ulaya kwa miaka saba au minane kutegemea mwezi. Saa ya mfalme haina nafasi ya Pagume, na hakuna pengo lililochongwa humo kwa ajili ya mwezi wa siku tano. Mfalme wa Wafalme, kama alivyoitwa rasmi, alimiliki moja ya mashine za tarehe zilizo bora kuliko nyingi duniani, na mashine hiyo haikuweza kumwambia ni tarehe ngapi nyumbani kwake.

Kuna jambo jingine hapa, nalo msomaji wa Kiswahili atalielewa bila kufafanuliwa, ilhali Mzungu anayeliandika hulazimika kuongeza aya nzima. Ethiopia huhesabu saa kama sisi. Jua likichomoza siku imeanza, na mshale mfupi ukielekea kwenye 7, Mhabeshi husema ni saa moja, kama asemavyo mtu wa Tanga. Tunaangalia uso uleule wa saa uliotengenezwa Uswisi na tunausoma kinyume, bila hata kujua kwamba tunafanya hesabu. Kwetu tafsiri inaishia kwenye saa. Kwao inaendelea hadi kwenye siku, mwezi na mwaka.

Nalitaja hili kwa sababu historia ya mtu huyu na mji wa Geneva ni historia ya kalenda mbili zisizokutana. Tarehe 30 Juni 1936, ambayo kwao ilikuwa 23 Sene 1928, Haile Selassie alisimama mbele ya Shirikisho la Mataifa mjini humo. Majeshi ya Italia yalikuwa yameingia Addis Ababa tarehe 5 Mei. Waandishi wa habari wa Italia walimzomea na kumpigia miluzi hadi wakatolewa ukumbini. Alizungumza kwa Kiamhari. Alieleza gesi ya sumu iliyomwagwa kutoka angani juu ya askari, wakulima, mifugo na mito, akauliza ni jibu gani atakalowapelekea watu wake. Jibu lilikuja haraka: katika muda wa majuma mawili vikwazo dhidi ya Italia viliondolewa, vikwazo ambavyo hata vilipokuwepo havikugusa mafuta. Uswisi, mwenyeji wa Shirikisho lenyewe, ilitambua utawala wa Italia juu ya Ethiopia kabla mwaka huo haujaisha.

Yeye akaenda kuishi Bath, Uingereza, mfalme bila nchi na bila fedha za kutosha, mpaka vita vilipogeuka. Aliingia tena Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu Waitalia walipoiteka.

Mwaka 1954 alizuru Marekani, Kanada na Mexico, kisha nchi kadhaa za Ulaya, na Novemba akafika Uswisi. Safari hii hakuna aliyempigia miluzi. Palikuwa na gwaride na karamu. Ni kutoka mwaka huo saa yetu inapotoka, na sioni ajabu kwamba wauzaji hupenda kuutaja zaidi kuliko 1936. Nchi ileile iliyokubali afutwe kwenye ramani sasa ilimpokea kama mkuu wa dola, na dhahabu ya mafundi wake ikapata jina la kujivunia.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, na mfalme akabaki mdhulumiwa mtukufu. Sisi wa Afrika Mashariki tunalo zoea hilo. Kwetu jina lake ni barabara, Nairobi ipo na Dar es Salaam ipo, na picha yake ni ile ya Mei 1963, akiwa mwenyeji wa viongozi waliounda Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Lakini alipokuwa mwenyeji wa Afrika nzima, wakulima wake mwenyewe walikuwa bado wakiwapa wenye ardhi sehemu kubwa ya mavuno yao. Ukame ulipoikumba Wollo mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali yake ilificha habari, na makumi ya maelfu ya watu walikufa. Ulimwengu ulikuja kuiona njaa hiyo Oktoba 1973 katika filamu ya mwandishi wa Uingereza, Jonathan Dimbleby.

Maofisa wa jeshi waliokuwa wakimwondoa hatua kwa hatua waliitumia filamu hiyo kwa ustadi wa kikatili. Jioni ya 11 Septemba 1974 ilionyeshwa kwenye televisheni ya Ethiopia, ikiwa imechanganywa na picha za karamu za ikulu na za mbwa wa mfalme wakilishwa nyama. Siku hiyo ilikuwa 1 Meskerem 1967, siku ya mwaka mpya. Kesho yake asubuhi walimsomea tangazo la kumwondoa na kumpakia kwenye Volkswagen ndogo. Katika miezi iliyofuata walimbana ataje fedha walizoamini amezificha ng'ambo, hasa katika benki za Uswisi. Uswisi tena. Alikufa mikononi mwao tarehe 27 Agosti 1975, zikiwa zimebaki siku kumi tu Pagume iingie. Mifupa yake ilipatikana mwaka 1992 ikiwa imefukiwa chini ya jengo katika eneo la ikulu, na ikazikwa kwa heshima Novemba 2000 katika Kanisa la Utatu Mtakatifu, Addis Ababa.

Basi saa ile ni ya nani? Sheria ina njia yake ya kuuliza: nani alimpa nani, kwa hati gani, na nani mrithi. Mnunuzi wa 2017 alinunua kihalali, sina ugomvi naye. Lakini swali hilo linadhani kwamba mfuko wa mfalme na mfuko wa nchi ni vitu viwili, na katika Ethiopia ya wakati ule mpaka huo haukuwa wazi hata kwa wahasibu. Kama kitu ni zawadi ya mgeni wa kitaifa, aliyepewa ni nchi kupitia mkono wake. Kama kimenunuliwa, kilinunuliwa kwa kahawa na kodi. Na serikali iliyompindua ilitaifisha mali zake kwa jina la umma, kisha ikawaua raia wengi kuliko alivyowahi kuwaua yeye, kwa hiyo sina haraka ya kusema kwamba umma ulinufaika. Bado naona familia ina haki ya kuumia, na Wollo pia.

Wanaofuatilia urejeshwaji wa mali za Afrika huzungumzia zaidi vitu vilivyoporwa kwa bunduki. Mnara wa Aksum ulichukuliwa na Waitalia mwaka 1937 na kurudi vipande vipande mwaka 2005. Huo kila mtu anajua ni wa nani. Saa haikuporwa hivyo. Ilizaliwa Geneva na ikauzwa Geneva, na mapito yake kati ya miaka hiyo ni ya vurugu za nchi nyingine. Hakuna mkataba wa kimataifa wa kitu cha aina hiyo.

Kuna mahali Addis Ababa ambapo vitu vya mfalme huonekana kwa bei ya tiketi. Alitoa ikulu yake ya zamani iwe chuo kikuu, na leo jengo hilo lina jumba la makumbusho la Taasisi ya Elimu ya Ethiopia. Chumba chake cha kulala kimehifadhiwa humo, kitanda kikiwa mahali pake.

Saa nayo, popote ilipo, ikitunzwa itaendelea kuhesabu bila kosa hadi 28 Februari 2100. Mwaka 2100 hauna tarehe 29 Februari katika kalenda ya Ulaya, kwa kanuni ya miaka ya mamia, lakini gurudumu la miaka minne halikuchongewa kanuni hiyo. Saa itasema 29. Kalenda ya Ethiopia nayo haina kanuni hiyo; huongeza siku kila mwaka wa nne, bila kuruka. Asubuhi hiyo Addis Ababa itakuwa 21 Yekatit 2092, siku ileile ambayo kila 29 Februari imekuwa ikiangukia kwao tangu kabla ya saa hiyo kutengenezwa. Itabidi isogezwe mbele siku moja.