Mfuko wa Maziko wa Durban

Kila tunapopigiwa simu kuwa mwenzetu amefariki huku ughaibuni, machozi hayajakauka tunaanza kuulizana: maiti itasafirishwaje? Daftari la michango linafunguliwa. Tumezoea kuliona daftari hilo kuwa jambo la msiba tu. Wafanyakazi wa viwanda vya Durban, Afrika Kusini, walilitumia kwa zaidi ya msiba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mwafrika wa kiwandani hakuwa "mwajiriwa" mbele ya sheria ya makaburu. Ndivyo sheria ilivyoandikwa. Chama chake hakikutambuliwa, na akigoma alishitakiwa. Wengi walitoka vijijini Zululand wakilala kwenye mabweni, na mshahara haukutosha kuwalisha wakiwa hai, sembuse kuwarudisha kwao wakiwa maiti.

Mwaka 1972 ukaanzishwa mfuko wa mafao wa wafanyakazi wa viwandani, kwa msaada wa watu kama Harriet Bolton wa chama cha washonaji. Mwanachama alitoa mchango mdogo, akifa familia ikasaidiwa maziko. Nani angekataza watu kuzikana?

Alfajiri ya Januari 9, 1973, wafanyakazi wapatao 2,000 wa kiwanda cha matofali cha Coronation waliacha kazi wakakusanyika uwanja wa mpira. Walilipwa karibu randi 9 kwa wiki. Walitaka 20, baadaye 30. Walipoambiwa wachague wawakilishi, wakakataa. Walijua vizuri kwamba atakayechaguliwa ndiye atakayefukuzwa! Mfalme Goodwill Zwelithini mwenyewe alikwenda kuzungumza nao. Mwishowe walirudi kazini kwa randi 11.50. Nyongeza haikufika hata robo ya walichodai, lakini habari ilienea. Viwanda vya nguo vya Frame vikasimama, na Februari wakagoma maelfu ya wafanyakazi wa manispaa. Hadi mwisho wa Machi, zaidi ya watu 60,000 walikuwa wamegoma.

Waliporudi kazini, hawakuwa na chama. Mlango uliokuwa wazi ni ule wa mfuko wa maziko, nao wakajiandikisha kwa maelfu. (Tuseme kweli: wengi wetu huku hatujui mwenzetu analipwa kiasi gani kazini, ila tunajua alichanga ngapi msiba uliopita.) Wao walipokutana kwa ajili ya mfuko, waliulizana pia habari za mishahara, na mwaka huohuo wa 1973 wakaunda vyama vya wafanyakazi wa vyuma na wa nguo.

Serikali iliwawekea vikwazo baadhi ya waliowasaidia. Hata hivyo vyama vilidumu, vikaingia katika shirikisho la FOSATU mwaka 1979, mwaka ambao sheria ilianza kuwaruhusu Waafrika kusajili vyama vyao. Mwaka 1985 shirikisho kubwa zaidi, COSATU, lilizinduliwa papo hapo Durban.