Kukaza Fikira: Tulivyosoma Sisi na Wanavyosoma Vijana wa Sasa

Ndugu zangu, kila tukutanapo husikika lawama ile ile, kwamba vijana wa sasa hawawezi kukaa na kitabu hata robo saa. Napenda tuyapime madai hayo kwa historia ya shule za Iringa na Mbeya.

Malangali ilifunguliwa mwaka 1928, mkuu wake akiwa Mwingereza W. B. Mumford. Masomo ya darasani yalichanganywa na ngoma na kurusha mikuki, na wazee wa makabila walishiriki kuwafunza vijana. Hata enzi hizo mwanafunzi hakuachwa aukodolee macho ubao mchana kutwa.

Tena, mwaka 1890, Mmarekani William James alikwisha kuandika kwamba hakuna awezaye kukaza fikira kwa makusudi zaidi ya sekunde chache mfululizo. Tunachokiita makini ni kazi ya kuyarudisha mawazo kila yanapotoroka.

Sisi wa miaka ya 1980 tulisaidiwa na uhaba. Kitabu kimoja cha fizikia tulikisoma watu 6 kwa zamu, na taa zilizimwa saa 4 usiku. Asiyetuliza akili, zamu ilimpita. Televisheni haikuwapo Tanzania Bara hadi mwaka 1994. Tukuyu Stars walipotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1986, sisi mechi tulizifuata kwenye redio moja ya bweni, dakika 90 bila mtu kukohoa.

Leo mambo ni mengine. Mtafiti Gloria Mark wa Marekani aliona kuwa mwaka 2004 mtu alitazama jambo moja kwenye kompyuta kwa wastani wa dakika 2 na nusu kabla ya kuhamia jingine. Miaka ya karibuni ni sekunde 47 tu. Na wengi wa aliowapima walikuwa watu wazima makazini, si wanafunzi!

Basi akili ya mtoto wa Rungwe au Mufindi haikupungua. Kilichopungua ni utulivu unaomzunguka. Ninyi wanafunzi, mkiwa likizoni wekeni simu mbali, mshike kitabu kimoja, na mawazo yakitoroka myarudishe bila kukata tamaa. Nasi wa zamani tupunguze lawama, tuchangie meza na taa za chumba cha kusomea kimya. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.