Dosari za Santuri ya Kind of Blue

Miongoni mwa wapenzi wa jazi, yaani muziki ulioasisiwa na Wamarekani weusi mjini New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, na ambao si sawa na muziki wa dansi wa Morogoro Jazz au Western Jazz ingawa bendi hizo zilibeba jina lake, ni santuri chache zinazosifiwa kama Kind of Blue, iliyorekodiwa jijini New York na mpiga tarumbeta Miles Davis pamoja na wenzake sita tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, kisha ikatolewa na kampuni ya Columbia Agosti mwaka huohuo. Sifa hiyo ni haki yake, lakini hoja inayoandamana nayo mara nyingi, kwamba ni kazi isiyo na kasoro, haina msingi. Jalada la kwanza lilikosea tahajia ya jina la mpiga saksafoni Cannonball Adderley, nakala za mwanzo zilipachika majina ya nyimbo mbili za upande wa pili mahali pasipo pake, upande wa kwanza ulisikika kwa kimo cha sauti kisicho chake kwa zaidi ya miaka 30, na Davis mwenyewe alikuja kukiri kwamba hakukipata alichokuwa akikitafuta.

Ili uzito wa kazi hiyo ueleweke, ni lazima kwanza kuutazama muziki uliokuwa ukitawala wakati ule, yaani bibopu, mtindo wa kasi ulioanzishwa miaka ya 1940 na akina Charlie Parker, ambaye Davis alipiga naye akiwa kijana. Katika bibopu mwanamuziki hubuni papo kwa papo juu ya mfululizo wa kodi, yaani makundi ya sauti zinazopigwa kwa pamoja, nazo kodi hizo hubadilika upesi kiasi kwamba mpigaji hana budi kukimbizana nazo. Mnadharia George Russell alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1953 kwamba skeli, yaani ngazi ya sauti zinazofuatana, ingeweza kuchukua nafasi ya mbio hizo, na Davis alilijaribu wazo hilo mwaka 1958 katika wimbo wa Milestones. Kwa hiyo wanaodai kwamba njia hiyo ilizaliwa mwaka 1959 wanaisimulia historia kuanzia katikati.

Wimbo wa kwanza wa santuri hiyo, So What, unaonyesha mbinu hiyo waziwazi kuliko nyingine zote. Umbo lake lina vipimo 32, kila kipimo kikiwa na mapigo manne, na katika vipimo 16 vya kwanza wapigaji hukaa ndani ya skeli moja tu, ile inayopatikana kwa kubonyeza vibonye vyeupe vya piano kuanzia noti ya Re. Skeli hiyo hupandishwa kwa nusu-sauti katika vipimo vinane vinavyofuata, kisha hurudi ilikokuwa kwa vinane vya mwisho. Kiitikio kimegeuzwa pia, kwa sababu anayeanza kusema ni Paul Chambers kwa besi ya kusimama, chombo ambacho kwa kawaida huwekwa nyuma, naye hujibiwa na kodi mbili fupi, kwanza kutoka kwa piano na baadaye kutoka kwa tarumbeta na saksafoni. Davis anapoingia kuanza solo yake, mpiga ngoma Jimmy Cobb anapiga toazi kwa nguvu kuliko ilivyotarajiwa, na mlio wake unaning'inia juu ya noti za kwanza za tarumbeta kabla haujayeyuka. Mlio huo ulisaidiwa na jengo lenyewe, kwa kuwa studio ya Columbia ya Mtaa wa 30 ilikuwa kanisa la zamani lenye dari refu, na anayeisikiliza rekodi hiyo kwa makini husikia ukumbi pamoja na wanamuziki.

Imezoeleka kusemwa kwamba kila wimbo ulipigwa mara moja tu, bila mazoezi, na dai hilo lilipata nguvu kutokana na maelezo ya jalada yaliyoandikwa na mpiga piano Bill Evans, aliyelinganisha kazi hiyo na uchoraji wa Kijapani ambamo mchoraji hawezi kurudia mstari. Ukweli ni wa kawaida zaidi. Nyimbo nyingi zilianzishwa na kukatizwa kabla ya kufikishwa mwisho, na Flamenco Sketches ilipigwa kikamilifu mara mbili, toleo la pili likachaguliwa na la kwanza likaja kutolewa miaka mingi baadaye. Utepe haukunasa muujiza. Ulinasa watu hodari waliopewa michoro michache ya muziki na wakajua la kufanya nayo.

Dosari kubwa zaidi haikutokana na binadamu. Tarehe 2 Machi, siku ziliporekodiwa So What, Freddie Freeloader na Blue in Green, ambazo ndizo zilizojaza upande wa kwanza, mtambo mkuu wa utepe ulikuwa ukizunguka polepole kidogo kuliko ilivyotakiwa. Utepe ulionaswa kwa mwendo wa chini unapochezwa kwa mwendo sahihi, muziki huenda kasi na kimo chake hupanda, na hapa ulipanda kwa kiasi kisichofika nusu-sauti, kidogo mno kwa msikilizaji wa kawaida kukitambua lakini cha kutosha kumsumbua mwanafunzi aliyejaribu kuifuatiliza santuri kwa piano na kugundua kwamba hakuna kibonye kinacholingana nayo. Kwa bahati njema mtambo wa pili wa akiba ulikuwa ukinasa kwa mwendo sahihi, na ni utepe wake uliotumika mwaka 1992 kurekebisha kosa hilo. Maana yake ni kwamba vizazi viwili vya wapenzi na wahakiki viliusifu upande huo bila kuwahi kuusikia jinsi ulivyopigwa, na jambo hilo linapaswa kumpunguzia ukali yeyote anayedai kwamba sikio lake halidanganyiki.

Davis naye alikuwa na lawama yake. Katika kitabu cha maisha yake alieleza kwamba alikuwa ameitazama Les Ballets Africains, kundi la ngoma kutoka Guinea, na kwamba alitaka kuuleta katika kazi yake mlio wa kalimba, chombo cha vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, cha jamii moja na ilimba ya Wagogo wa Dodoma, lakini hakuufikia. Msikilizaji wa Afrika Mashariki anayeijua ilimba atakubaliana naye bila shida: mizunguko mifupi ya piano katika wimbo wa All Blues inaukaribia mlio huo, lakini ule mvumo wa chuma haumo.

Mlio uliojaza nafasi hiyo ni wa Evans, na hapo ndipo heshima ilipogawanywa vibaya. Evans alikuwa ameiacha bendi Novemba 1958, akaitwa tena kwa ajili ya kazi hii, hata Wynton Kelly, mpiga piano mpya, akapewa wimbo mmoja tu, Freddie Freeloader, ambao ni bluzi ya vipimo 12 na ambao yeye ndiye aliyeuchangamsha kuliko wote. Mwanzo wa Flamenco Sketches umejengwa juu ya Peace Piece, wimbo ambao Evans alikuwa ameurekodi peke yake Desemba 1958, na Blue in Green aliidai kuwa tungo yake, ijapokuwa santuri ilimtaja Davis pekee. Aliporekodi wimbo huo na bendi yake Desemba 1959, uliandikwa kwa majina ya wote wawili. Ushahidi wa masikio, kwa maoni ya wengi waliolinganisha rekodi hizo, unamwelemea Evans.

Wiki mbili baada ya kikao cha Aprili, mpiga saksafoni mwingine wa santuri hiyo, John Coltrane, aliingia studio kurekodi Giant Steps, ambao ndio upeo wa zile mbio za kodi zilizokuwa zimewekwa kando katika Kind of Blue, na haikuwa hadi Oktoba 1960, katika My Favorite Things, ndipo alipotulia juu ya kodi chache kwa dakika nyingi na kulifikisha somo hilo mbali kuliko mwalimu wake. Davis hakuutunza utulivu huo. Aliendelea kuipiga So What majukwaani, akiiongeza kasi mwaka hadi mwaka, na katika onyesho la Februari 1964 jijini New York, mpiga ngoma akiwa Tony Williams aliyekuwa na umri wa miaka 18, wimbo ulikwenda karibu maradufu ya mwendo wa awali, kasi ambayo hakuna mtambo mbovu uliowahi kuusukumia.