Jibu Moja au Mengi: Utata katika Historia ya Mafumbo ya Tarakimu

Fumbo la tarakimu humtaka msomaji ajaze nafasi zilizoachwa wazi, au tarakimu zilizofichwa kwa herufi, hadi mlinganyo utimie. Swali la kihistoria linalojadiliwa hapa ni hili: ni nini kinachompa mtunzi haki ya kudai kwamba fumbo lake lina jibu moja tu? Hoja inayotetewa ni kwamba upekee wa jibu hautokani na mlinganyo peke yake, bali hutegemea pia masharti ambayo mara nyingi hayaandikwi.

Mfano wa kwanza ni fumbo la kuandika 100 kama namba nzima pamoja na sehemu, kwa kutumia tarakimu 1 hadi 9, kila moja mara moja. Henry Dudeney, mtunzi wa mafumbo wa Uingereza, alieleza katika Amusements in Mathematics (1917) kwamba mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas alipata majibu saba na kutilia shaka kuwapo kwa mengine. Dudeney alionyesha kwamba yapo kumi na moja. Miongoni mwake ni 91 na 5742/638, kwa kuwa 5742 ikigawanywa kwa 638 hutoa 9. Na 3 na 69258/714, ambapo sehemu hiyo ni sawa na 97. Kutoliona jibu, basi, si ithibati kwamba halipo.

Kinyume chake ni fumbo la W. E. H. Berwick lililochapishwa mwaka 1906 katika The School World. Katika hesabu ndefu ya kugawanya, tarakimu zote zilifutwa isipokuwa 7 saba. Hata hivyo jibu ni moja: 7375428413 ikigawanywa kwa 125473 hutoa 58781. Uchache wa tarakimu zinazoonekana, kwa hiyo, hauzai utata wenyewe.

Mfano wa tatu ndio wenye uzito zaidi. Katika The Strand Magazine la Julai 1924, Dudeney alitoa jumla SEND + MORE = MONEY. Kila herufi husimamia tarakimu yake, na herufi mbili hazishiriki tarakimu moja. Jibu linalokubalika ni 9567 + 1085 = 10652. Namba mbili zenye tarakimu nne haziwezi kufikisha jumla ya 20000. Hivyo M, ikiwa si sifuri, lazima iwe 1. Maneno “ikiwa si sifuri” ndiyo yanayobeba hoja nzima. M ikiruhusiwa kuwa sifuri, 2817 + 0368 = 03185 nayo inatimiza masharti yote mengine.

Mwaka 1931 jarida la Sphinx la Ubelgiji liliyapa mafumbo ya aina hii jina la kriptarithmi, lililobuniwa na Simon Vatriquant aliyeandika kwa jina la Minos. Jina hilo liliyaweka katika kundi moja, lakini halikuondoa haja ya kutaja masharti.

Suala hili si la burudani pekee. Mwanafunzi anayeandika 2817 na kukosolewa, hali hakuambiwa kwamba namba haianzi na sifuri, hajakosea hesabu. Amehukumiwa kwa kanuni asiyoonyeshwa. Kwa hiyo, anayedai jibu la pekee ana wajibu wa mambo mawili: kutaja kila sharti, na kuthibitisha kwamba chini ya masharti hayo hakuna jibu jingine.