Darubini ya nyumbani

Darubini ya nyumbani ni darubini ndogo inayotumiwa uani au kiwanjani kutazama Mwezi, sayari na nyota.

Sifa yake kuu ni kipenyo cha lenzi au kioo kinachokusanya nuru, si ukuzaji. Ukuzaji ukizidi takriban mara mbili ya kipenyo kilichopimwa kwa milimita, picha hufifia na kupoteza ukali. Kipenyo cha milimita 70 chatosha kuonyesha kasoko za Mwezi, miezi minne mikubwa ya Mshtarii na pete za Zohali.

Katika kijiji cha Mloka, wilaya ya Rufiji, mbali na taa za Dar es Salaam, kundinyota la Salibu huonekana vizuri jioni za mwezi Juni. Mloka iko takriban digrii 8 kusini kwa ikweta, hivyo ncha ya kusini ya anga iko chini, karibu na upeo wa macho. Stendi zinazohitaji kulengwa kwenye ncha hiyo ni ngumu kupangwa huko. Stendi inayogeuka kando na juu-chini ni rahisi zaidi.

Kutazama Jua kwa darubini isiyo na kichujio maalumu mbele yake kunaweza kupofusha mara moja.