Siku ya Mechi ni Mali ya Nani?

 

Nilipokuwa nasomea stashahada ya uandishi wa habari, tulikuwa na mwalimu mmoja mwenye usemi wake. Alikuwa akituambia kwamba mtangazaji mchanga akipewa habari ya mpira huuliza nani kashinda, lakini aliyekomaa huuliza nani kapanga ratiba. Tulimcheka. Leo, baada ya miaka mingi ya zamu za usiku na za alfajiri, sicheki tena. Juma hili nataka tulichukue swali lake tukalitazame kwenye historia ya Marekani, kwa mechi moja ya wanafunzi wa vyuo ambayo siku ya kuchezwa kwake imegombaniwa karibu sawa na ushindi wenyewe.

Mechi hiyo ni ya Chuo Kikuu cha Texas kilichoko mji wa Austin, na Chuo Kikuu cha Texas A&M kilichoko College Station, mwendo wa kiasi cha kilometa 160 hivi. Mchezo ni futiboli ya Kimarekani, ile ambayo mpira wake una umbo la yai na hubebwa mikononi zaidi ya kupigwa kwa mguu. Walipambana kwa mara ya kwanza mwaka 1894, na tangu hapo wamekuwa watani wa jadi. Mwaka 1911 utani ulizidi kipimo hata wakakatiana uhusiano wa michezo, wasikutane uwanjani hadi mwaka 1915. Baada ya hapo, kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini, mechi yao ilijulikana kwa siku yake: Alhamisi ya Sikukuu ya Shukrani.

Sikukuu hii ndiyo inayowakusanya Wamarekani nyumbani kuliko pengine nyingine yoyote. Rais Abraham Lincoln aliitangaza mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, akaiweka Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Mabweni ya vyuo hubaki matupu, barabara na viwanja vya ndege hujaa, na kila nyumba yenye uwezo huchoma batamzinga. Kwa kuwa sikukuu huangukia Alhamisi, wengi hupumzika mfululizo hadi Jumapili. Na kwa kuwa msimu wa futiboli ya vyuo nao huwa unafikia ukingoni wakati huohuo, haikuchukua muda watu wakaona kwamba hapo ndipo pa kuweka mechi kubwa.

Wa kwanza kuona hivyo walikuwa vyuo vya mashariki. Mwaka 1876 Yale na Princeton walikutana siku ya Shukrani huko Hoboken, katika jimbo la New Jersey. Miaka ilivyokwenda mechi ya siku hiyo ikahamia New York, ikawa tamasha la wenye nafasi na wasio na nafasi. Kufikia mwaka 1893 magari ya farasi yaliyopambwa rangi za vyuo yalikuwa yakipita mjini kwa saa kadhaa kuelekea uwanjani, na yako makanisa yaliyowahisha ibada ili waumini wasije wakakosa kuanza kwa mchezo. Wazee wa vyuo walinung'unika. Waliona siku ya kumshukuru Mungu imegeuka siku ya kamari na ulevi, na hatimaye mechi hiyo ikaondolewa kwenye sikukuu. Ndiyo mara ya kwanza, kwa ninavyojua, swali lile kuulizwa kwa sauti kubwa: siku hii ni mali ya nani?

Sasa niruhusu, msikilizaji, niguse kidogo jambo la nyumbani kwangu, yaani redio. Tarehe 24 Novemba, 1921, siku ya Shukrani, Texas na Texas A&M walikuwa wakicheza College Station. Vijana wa chuo waliokuwa na mtambo wa simu ya upepo waliamua kutuma habari za mchezo hadi Austin kadiri ulivyokuwa ukiendelea. Hawakutuma sauti, walituma alama za Morse. Ili wasiachwe nyuma na mchezo, walitunga vifupisho vya kueleza kila tukio, vikagawiwa mapema kwa wapokeaji. Mechi iliisha 0-0. Mimi ninayeishi kwa kipaza sauti nawavulia kofia. Waliwahudumia watu ambao kwa sababu ya sikukuu au umbali hawakuweza kufika uwanjani, na kwa kufanya hivyo walifungua mlango ambao wengine wangepita na magunia ya fedha.

Tuje mwaka 1939. Mwaka huo Novemba ilikuwa na Alhamisi tano, hivyo Shukrani ingeangukia tarehe 30. Wenye maduka makubwa wakalalamika. Wamarekani wengi huanza manunuzi ya Krismasi baada ya Shukrani, na hapo siku za kuuza zingekuwa chache mno, tena uchumi ulikuwa bado haujapona sawasawa. Rais Franklin Roosevelt akawasikiliza. Katikati ya Agosti akatangaza kwamba Shukrani itarudishwa nyuma kwa juma moja, iwe tarehe 23.

Rais alifikiri amehamisha mlo. Kumbe amehamisha ratiba ya taifa zima. Mechi za vyuo hupangwa miaka mapema, na tiketi za siku ile zilishaanza kufanyiwa hesabu. Kutoka Chuo Kikuu cha New York, mwenyekiti wa michezo aliandika Ikulu kueleza kwamba mechi yao ya kila mwaka na Fordham ilishapangwa tarehe 30 katika uwanja wa Yankee, wakiamini hiyo ndiyo itakuwa siku ya Shukrani. Huko Arkansas kocha wa chuo kimoja kidogo alitishia kwamba watu wake wangekipigia kura chama cha Republican iwapo Rais angewavurugia mpira wao.

Majimbo yakagawanyika karibu nusu kwa nusu. Yapo yaliyomfuata Rais na yapo yaliyobaki na tarehe 30. Sisi tunaojua habari za kuandama kwa mwezi, nyumba hii wanakula Idi na ya jirani wangali wamefunga, tunaweza kuupiga picha mkanganyiko huo. Ndugu wa jimbo moja alikuwa na likizo, wa jimbo la pili yuko kazini, na batamzinga mezani hajui ale nani.

Na Texas je? Gavana wake, W. Lee O'Daniel, alikuwa mtu wa redio kabla ya kuwa mwanasiasa, aliyejipatia jina kwa kutangaza unga wa ngano. Yeye alipitisha siku zote mbili kuwa Shukrani. Mechi ya watani ikabaki pale pale, tarehe 30, na Texas A&M wakashinda 20-0 katika mwaka ambao walitwaa ubingwa wa taifa.

Mwaka 1941 Roosevelt mwenyewe alikubali kwamba jaribio lake halikuwaletea wenye maduka faida iliyotarajiwa. Mwishoni mwa mwaka huo Bunge likapitisha, naye akatia saini, kwamba Shukrani itakuwa Alhamisi ya nne ya Novemba, na hivyo ndivyo ilivyo hadi leo.

Lakini, mpenzi msikilizaji, mtu anaweza kuniuliza: mbona yote haya ni mchezo tu? Hapo ndipo panaponilazimu kupunguza sauti.

Tarehe 22 Novemba, 1963, Rais John Kennedy aliuawa Dallas, humo humo Texas. Shukrani ilikuwa siku sita mbele. Wanafunzi wa Texas A&M walikuwa na desturi ya kujenga tita kubwa la magogo na kuliwasha moto kabla ya mechi na watani wao. Mwaka huo walikuwa wamekwisha kulisimamisha. Wakalibomoa bila kuliwasha, kwa heshima ya marehemu. Mechi yenyewe ilichezwa tarehe 28, Texas wakashinda 15-13. Vyuo vya Harvard na Yale, ambao mechi yao ilikuwa kesho yake baada ya mauaji, waliisogeza mbele kwa juma moja. Jeshi la nchi kavu na jeshi la majini nao waliisogeza yao hadi tarehe 7 Desemba. Siku ambazo Rais wa nchi alikuwa ameshindwa kuziamrisha, msiba uliziamrisha bila amri ya mtu.

Miaka thelathini na sita baadaye msiba ulitokea ndani ya desturi yenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Novemba, 1999, saa nane na dakika arobaini na mbili, tita la magogo lenye urefu wa mita kama 18 liliporomoka huku wanafunzi wakiwa juu yake wanalijenga. Walikufa watu 12, wakajeruhiwa 27. Wakati ule mimi nilikuwa kijana tu, sijui kama nitakuja kuwa mtangazaji. Habari nilizisikia kwenye redio ya mzee wangu, masafa mafupi, sauti ikija na kupotea. Nakumbuka mzee aliuliza, wanafunzi walikuwa wanafanya nini juu ya magogo usiku wa manane? Hakuna aliyemjibu.

Jibu nimelipata baadaye. Walikuwa wanawahi tarehe. Moto ulitakiwa uwashwe usiku wa Shukrani, mechi ichezwe Ijumaa. Tume iliyochunguza ilieleza mwaka 2000 kwamba magogo ya tabaka la juu yalishindiliwa kama kabari kati ya yale ya chini, na waya wa kuyafunga haukuwa wa kutosha. Na nyuma ya hayo kulikuwa na mazoea ya miaka mingi ya kuwaachia vijana kazi ya kihandisi bila mhandisi. Kwa hiyo siilaumu tarehe. Nasema tu kwamba desturi inapozoeleka sana, mtu huacha kuuliza kama ni salama, huuliza tu kama itakamilika kwa wakati.

Usiku wa Shukrani mwaka ule, badala ya moto, makumi ya maelfu ya watu walisimama na mishumaa mahali lilipoangukia tita. Watu wa Texas nao walikuwapo pamoja nao. Kesho yake, Ijumaa tarehe 26, mechi ilichezwa mbele ya watu zaidi ya 86,000. Bendi ya watani ilipiga nyimbo za maombolezo, wapigaji wakavua kofia zao. Texas A&M walishinda 20-16, na waliokuwapo husimulia zaidi habari za zile kofia.

Utagundua nimesema Ijumaa, si Alhamisi. Siku ile ilikuwa imekwisha kupata wenyewe wengine. Mwaka 1934 mwenye timu ya kulipwa ya Detroit, ambaye pia alikuwa na kituo cha redio, alipanga mechi siku ya Shukrani na kuirusha kwenye vituo vingi nchini. Mwaka 1966 timu ya Dallas nayo ikajichukulia nafasi yake siku hiyo. Televisheni ikaja na pochi iliyotuna, na mechi ya wanafunzi ikawa inahamishwa, mara Alhamisi, mara Ijumaa, mara Jumamosi, kadiri ya nafasi iliyopatikana hewani. Penye udhia, wahenga walisema, penyeza rupia.

Na rupia ilipozidi, haikuhamisha siku tu, ilihamisha watani. Mwaka 2011 Texas walianzisha chaneli yao ya televisheni kwa mkataba wa dola milioni 300 kwa miaka 20. Texas A&M, waliokuwa nao katika umoja mmoja wa vyuo, hawakufurahi, wakaamua kuhamia umoja mwingine. Tarehe 24 Novemba, 2011, Alhamisi ya Shukrani, walicheza mechi ya kuagana. Texas wakashinda 27-25 kwa mkwaju wa mwisho. Kisha kimya. Miaka kumi na miwili bila mechi, familia zenye mtoto mmoja huku na mwingine kule zikikaa mezani bila kitu cha kutaniana.

Waliporudiana ilikuwa Jumamosi, tarehe 30 Novemba, 2024, baada ya Texas kujiunga na umoja uleule waliouhamia wenzao. Mwaka 2025 ikawa Ijumaa, tarehe 28. Alhamisi haikurudi.

Basi, siku ya mechi ni mali ya nani? Wazee wa vyuo waliidai, wenye maduka waliidai, Rais aliidai, na leo mwenye televisheni anaishika. Kila mmoja alikuwa na hoja yake, wala sisemi zote zilikuwa mbaya. Ila katika kumbukumbu zote hizi sikuona mahali ambapo mama aliyeweka sahani ya ziada mezani aliulizwa mwanawe atafika siku gani. Wala mwanafunzi mchezaji, anayekula batamzinga wake na wachezaji wenzake mbali na kwao, hakuulizwa.

Kwa hiyo, siku ukiona ratiba ya mpira imebadilishwa, popote ulipo, kabla hujauliza nani atashinda, muulize mwalimu wangu swali lake. Mimi naishia hapo. Tukijaaliwa, tukutane juma lijalo, saa kama hii.